Huwaida Aliyekaribisha Ghorofa Nzima

Nina hasira, na asije mtu kuniambia, "Bwana Bakr, tuliza moyo." Moyo ni wangu, niacheni uchemke. Mpwa wangu Huwaida, binti wa dada yangu Hindu wa Kipungani, huku Amu, amekondeshwa na watu wasiojua kukataa wali.

Huwaida ni mtoto wa mkekani. Mamake husuka ukili wa mikeka kutoka asubuhi, na msichana huyu alisoma vitabu vyake vyote ameketi kando ya marundo ya miyaa. Akapata ufadhili, akaenda Hungaria kusomea utabibu wa wanyama, katika mji uitwao Debrecen, jina ambalo nimejaribu kulitamka mpaka meno yangu ya bandia yakaruka yakatumbukia kahawani. Nilimtania: "Uvuke nti zote hizo ukasome kumtibu punda? Punda wa Amu wataona haya kukupa mkono." Lakini nilijivuna. Mimi niliyeachana na shule darasa la sita kwa kuona elimu imenitosha, nilitembea mtaani kama niliyefaulu mwenyewe.

Na nani aliyemwandaa kwa safari? Mimi. Jeddah nimekaa, Maskati nimekaa, watu wa Mombasa wananiuliza mimi ndia. Nilimfundisha koti la kuvaa, nyama ya kula na ya kuacha, na jinsi ya kumtazama afisa wa uwanja wa ndege usoni. Mamake alimpa mkeka mmoja na neno moja: "Mwanangu, usile kwa kujificha. Apitaye mkaribishe."

Neno hilo ndilo lililomtoa mtoto mifupa.

Maana kwetu mambo yana mpango wake. Mtu akikukuta unakula, unamwambia, "Bismillahi, karibu." Naye anajibu, "Alhamdulillahi, nimetoka kula sasa hivi," hata kama tumbo linanguruma kama boti iliyopanda fungu la mchanga. Unamkaribisha tena, anakataa tena. Mpaka umshike mkono umvute ndipo anaketi, anamega matonge mawili, ananawa, anaondoka. Hivyo heshima imelindwa na mwenye sahani ameshiba. Mtoto wa miaka minne Kipungani anayajua haya.

Kule kwenye bweni la wasichana, Huwaida aliambiwa asipike samaki chumbani kwa ajili ya harufu. (Harufu! Samaki!) Akawa anapika katika jiko la wote, la ghorofa nzima, kisha anatandika mkeka wake kando ya dirisha na kula. Siku za mwanzo akaingia msichana wa hukohuko, jina lake Reka, mrefu kama mnazi, amekuja kuchota maji. Huwaida akafanya alivyolelewa. "Karibu, njoo tule."

Reka akasema ahsante, akaketi.

Hakukataa hata mara moja! Akachukua kijiko chake kabatini, akala mpaka chini ya sahani. Kesho yake akaja na rafiki, na rafiki akaja na rafiki. Huwaida kila mmoja anamkaribisha, na kila mmoja anaketi. Mchele wa mwezi ukawa unakwisha mwezi haujafika katikati, na siku zilizobaki mtoto akawa analala kwa chai na mkate.

Nilikuwa Kipungani siku Hindu alipompigia simu ya video. Dada yangu akaitazama ile picha, akaacha kusuka.

"Huwaida, unaumwa? Mbona mifupa ya shingo imetoka hivyo?"

"Siumwi, mama. Nakaribisha."

Nikamnyang'anya dada simu. "Wanakula nini hao?"

"Wali, mjomba."

"Wote?"

"Wote. Na ukoko pia."

Wali nawasamehe. Lakini ukoko? Ukoko wa mtu mwingine, ulioshikana na sufuria yake mwenyewe? Nilipiga kelele mpaka kuku wa Hindu wakapanda ukutani.

"Funga mlango! Kula chumbani peke yako!"

"Peke yangu, mjomba? Kwani mimi paka?"

Basi nikamfundisha hila, maana hila ninazo. Nikamwambia apike mtuzi mkali, atie pilipili mbuzi bila huruma, awaache walie warudi makwao. Akafanya. Reka akala, akawa mwekundu, machozi yakamtoka, akaomba aongezewe. Kumbe nti ile pilipili ndiyo fahari yao, wanaitundika kwenye kuta za nyumba ikauke kama sisi tunavyoanika papa. Sasa mimi ningejuaje? Jeddah hawatundiki. Siku iliyofuata walikuja na wengine.

Kisha ikaja siku Huwaida alipotoka zizini kwenye mafunzo, amepigwa teke na ng'ombe, ana njaa ya kuona giza. Akafungua mlango wa jiko akawakuta wamekwisha kuutandika mkeka wa mamake, wameketi, vijiko mkononi, wanamngoja aje apike.

Hapo damu yetu ikapanda. "Kwetu mtu akikaribishwa hukataa!" akawaambia. "Hukataa, halafu hukataa tena! Nyinyi mna matumbo gani?"

Reka akamkazia macho. "Kwa hiyo kila siku ulikuwa unatuambia uongo?"

Huwaida akaukunja mkeka, akaingia chumbani, akalala na njaa yake. Akaniletea ujumbe wa sauti, analia: "Mjomba, nimeitwa muongo. Hapa nikiwa na adabu nafa njaa, nikisema kweli naitwa bakhili. Nataka kurudi nyumbani."

Nikaupeleka ujumbe ule barazani nipate wa kukasirika naye. Kamaludin, jirani yangu, akasikiliza, akatikisa kichwa kama kadhi. "Mrudisheni. Aolewe, asuke mikeka. Ulaya si ya watu wetu."

"Kamaludin," nikamwambia, "wewe ukivuka maji hapo Mtangawanda tu unatapika boti nzima. Utaniambia nini habari za Ulaya?"

Lakini niliinuka pale barazani. Miaka yote ile ya vitabu irudi kwa sababu ya sufuria ya wali?

Nilimkimbilia Hindu. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa na hasira kunishinda, anavuta ukili kama anamnyonga mtu.

"Huyo msichana amesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma," akasema. "Mimi mwenyewe kila siku namkaribisha apitaye hapa huku namuomba Mungu apite. Lete simu."

Akamwambia mwanawe maneno machache, hakubembeleza. "Hurudi kwa ajili ya wali, wanisikia? Siku uliyo nacho, karibisha. Siku usiyo nacho, salimia tu, ule ushibe. Dhambi iwe yangu mimi niliyekutuma."

Huwaida akanawa uso, akaenda kugonga mlango wa Reka. Hakwenda kuomba radhi. Alikwenda na hasira yake vilevile.

"Mimi si muongo," akamwambia. "Nilikuwa na adabu, na adabu yangu imenimalizia mchele. Jumapili njooni nyote, na kila mtu aje na kitu. Siku nyingine mkiniona nala, nisalimieni mpite. Na ukoko ni wangu."

"Ungesema tangu mwanzo," Reka akamjibu. Jumapili akaja na kuku na kitunguu, na sufuria ilipobaki ukoko akakitia kijiko chake mfukoni. Huwaida hajarudi. Mifupa ya shingo imefichika tena, na Hindu anamsukia mkeka wa pili, mpana zaidi.

Mambo yamekwisha, mtasema. Hayajakwisha! Ijumaa hii nilikuwa mlangoni pangu na sahani yangu, wali, ukoko kando, na samaki mmoja wa kuoka. Simu ikalia, Huwaida. Nikailekeza sahani kwenye kioo aione. "Bismillahi, mwanangu, karibu!"

"Ahsante, mjomba," akasema yule mtoto niliyemfundisha dunia. "Karibu ya kweli hiyo, au ya nipite?"

Na nani alikuwa anapita wakati uleule? Kamaludin. Akasimama katikati ya ndia, tasbihi mkononi.

"Nami pia ningependa kujua, Bwana Bakr," akasema. "Maana miaka yote hii nakujibu nimeshiba, na sijapata kuwa nimeshiba."

Huwaida anacheka simuni. Nikamtazama Kamaludin. Nikamtazama samaki.

"Keti," nikasema kwa ukali.

Akaketi, asiye haya, akanawa, na mkono wake wa kwanza ukaenda moja kwa moja kwenye ukoko.