Semeni Aenda Sikukuu Unguja

Semeni binti Uweso wa Kigombe alikuwa msusi wa mikeka, na kwa miaka kumi na miwili alisuka huku akisimuliwa sikukuu ya Unguja mjini: beni, pembea za uwanja wa Mnazi Mmoja, wanawake na leso zao. Mwaka wa hamsini na nne akasema liwalo na liwe. Akapanda meli Tanga, kifuani kakumbatia jozi ya leso mpya aliyoapa haitavaliwa ila Mnazi Mmoja.

Shangazi yake, Bi Mboni, alimpokea kwa mapenzi yote, kisha akamharibia safari. Alimweleza kwamba tangu aje mara ya mwisho ukoo umefiwa mara saba, na mgeni haonekani kwenye pembea kabla hajahani, hajawapa pole wafiwa. Watu watasema nini?

Basi Sikukuu Mosi wakahani nyumba tatu. Semeni akaketi mkekani, na mkeka wenyewe umesukwa ovyo, hilo nalo likamkera, akafinya macho kumlilia mzee asiyemjua hata kwa sura. Kila nyumba kahawa, kila nyumba kazi ya Mungu haina makosa, na nje tarumbeta za beni zinalia. Sikukuu Pili nyumba mbili, na katika moja walisimuliwa maradhi ya marehemu tangu homa ya kwanza. Semeni aliudhika hata akawaonea kijicho maiti, maana wao wamepumzika.

Sikukuu Tatu, baada ya nyumba ya sita, uvumilivu ukamwisha. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake alfajiri.

“Shangazi, niwie radhi. Mimi nimekuja kutazama, sikuja kuzika.”

“Imebaki moja tu, mwanangu. Tukitoka hapo, moja kwa moja Mnazi Mmoja.”

Semeni akavaa leso zake mpya ndani ya buibui. Wakafika kwa Mwinyijuma, aliyefiwa na mama yake, wakakuta mlango una kufuli. Jirani akawaambia kwamba nyumba nzima imekwenda Mnazi Mmoja tangu alasiri.

Bi Mboni akaketi barazani. Alisema watawasubiri, kwani asiyewaona wafiwa hajahani.

Magharibi ikaadhiniwa na watu wakaanza kurudi kutoka uwanjani. Hapo Semeni akalia, na safari hii hakufinya macho. Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo.

“Mtazame mgeni wa watu,” mmoja akasema. “Katoka Mrima kuja kumlilia bibi wa watu, na wanawe wako kwenye pembea.”

Bi Mboni akajitengeneza buibui lake, akamsogelea Semeni ili waonekane wote wawili.