Salamu Zilizokwama Tunduma

Mama yangu alikuwa na tabia ya kumjibu mtangazaji wa redio. Asubuhi, yule bwana akisema habari za asubuhi ndugu msikilizaji, mama aliacha kupuliza moto, akageukia redio, akasema, "Nzuri, baba. Za huko?" Kisha alisubiri kidogo, kwa adabu, ndipo akaendelea na moto wake.

Habari hiyo ndiyo andiko langu la kwanza kusomwa na mtu nisiyemjua.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha pale Tunduma, na bado tulikuwa tukihesabiwa mkoa wa Mbeya. Kazi ya forodha ni kusubiri. Unapeleka karatasi dirishani, unasubiri mtandao urudi, unasubiri mhusika aliyekwenda kunywa chai Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akumbuke kwamba ana kazi. Madereva walisubiri kwenye malori, foleni imenyooka kuelekea Mpemba, na mimi nilisubiri mbele ya kompyuta ya ofisi. Nina hasira za karibu, sijawahi kukana. Nilifungua blogu ili nisigombane na watu.

Niliandika habari za nyumbani, Ikinga, kule milimani Ileje. Niliandika kuhusu kuku wa mama aliyehamia kwa jirani kutagia huko, na kesi ya mayai iliyofuata. Niliandika jinsi mama alivyomwambia mchungaji, mbele ya wazee wa kanisa, kwamba mahubiri yake yamemuunguzia maharage. Sikuweka jina lake wala picha, nilimwita mama tu. Yeye alijua. Nilipomweleza kwamba naandika mambo ya nyumbani kwenye kompyuta, aliuliza kama ni kazi ya ofisi. Nikasema hapana. Akasema basi nisijiharibu macho.

Mwanzoni wasomaji wangu walikuwa wenzangu wa ofisini, na walisoma kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yao. Kisha ikaja ile habari ya redio, na chini yake dada mmoja aliyekuwa akisoma masomo ya uuguzi ng'ambo, nchi ya baridi, akaandika: "Umenikumbusha nyumbani. Msalimie sana mama." Nilifurahi kupita kiasi. Niliisoma mara nyingi, nikamwita hata mlinzi aje aione. Nikajibu, "Asante dada, zimefika."

Baada yake wakaja wengine. Askari aliyepangiwa mbali na kwao, mwalimu wa huko Momba, madereva waliokuwa wakinisoma kwenye simu zao huku wamekwama hatua chache kutoka mlangoni kwangu bila kujua. Walinizoea, wakanitania, na nikichelewa kuandika walinigombeza kama ndugu. Nami niliwapenda, nasema kweli, watu ambao hata sauti zao sikuzijua. Na kila mmoja alimaliza maoni yake kwa "msalimie mama". Niliichukulia kama nukta ya mwisho wa sentensi. Nikajibu kila mmoja, zimefika, zimefika, zimefika.

Hazikuwa zimefika popote. Zilikuwa pale pale Tunduma, na malori.

Sasa, dereva mmoja, mtu wa Tanga, foleni ilimchosha. Akamwachia utingo lori, akapanda magari ya Ileje, akashuka, akaulizia mama anayejibu redio. Kule kwetu hilo lilitosha. Walimpeleka hadi mlangoni. Alikuwa na sukari na mche wa sabuni. Akaamkia vizuri, akakaribishwa, akapewa ndizi za kupika. Akala. Ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha pwani ambacho mama alikuja kukisifia miaka mingi, "Mama, mimi ni mmoja wa wale wanaokusalimia kila siku."

"Unanisalimia wapi, baba?" mama akauliza.

Akamweleza yote. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akamfungia na parachichi za njiani. Kisha akaazima simu ya jirani na kuniambia niende nyumbani Jumamosi. Hakuongeza neno, na mama yangu si mtu wa kutoongeza neno.

Njiani nilijiandaa. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimemwanika: kesi ya mayai, mchungaji, yote. Nilikuwa na utetezi mzuri kabisa. Sikuutumia. Alinipakulia chakula, akanisubiri nimalize, akaniuliza, "Watu wamenisalimia, na wewe ukasema zimefika. Zilimfikia nani?"

Nikasema ni desturi ya mtandaoni tu, mama, watu huandika hivyo hivyo.

"Mtu ametoka Tanga na sabuni, unaniambia ni hivyo hivyo?"

Kwetu mtu akikutuma salamu umebeba mzigo wa watu, na aliyesalimiwa asipojibu wanasema ana majivuno. Mama alikuwa mtu wa kumwuliza mpita njia habari za mke, za watoto, za ng'ombe na za shamba, na kurudi tena kwa watoto kama jibu halikumridhisha. Sasa alikuwa amegundua kwamba kuna nchi nzima inayomwona ana majivuno, na aliyemsababishia ni binti yake mwenyewe.

"Ile redio haisikii na bado naijibu," alisema. "Hawa wanasikia."

Nilikuwa nimechekesha watu kwa ile redio muda wote.

Akatoa masharti. Sitaandika tena habari zake hata moja mpaka salamu zote ziwe zimerudishwa, kila mtu na zake.

Jumapili iliyofuata alishuka Tunduma, amevaa kitenge cha kanisani, na bosi wangu akatuachia ufunguo wa ofisi. Nilimketisha kwenye kiti cha wateja nikaanza kumsomea. Yeye alijibu, mimi nikaandika. Yule askari aliulizwa analala wapi, na kama pananyesha. Mwalimu wa Momba aliulizwa kama wale wafugaji jirani zake wamepata maji, maana aliwahi kuyataja mara moja na mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Tulipofika katikati nilichoka. Nikachukua jibu la mtu mmoja nikawa nalibandika kwa wengine.

"Mbona vidole havitembei?" mama akauliza.

Nikarudi kuandika.

Tulipomaliza aliniomba nirudi mwanzo. "Yule binti wa kwanza, wa baridi. Alikuwa anasalimia kila mara. Hapa katikati simsikii."

Nikatazama. Kweli, alikuwa ametoweka kwa miezi mingi. Wasomaji walikuwa wameongezeka na mimi nilikuwa bize kufurahia wingi wao. Nikasema labda amechoka kusoma.

"Mtu hachoki kusalimia. Kuna kitu. Muulize."

Nikaandika kama alivyosema: Mama anauliza, upo? Unakula? Baridi imekuzidi? Nikatuma kwenye anwani yake. Wengine walianza kujibu siku hiyo hiyo, kwa furaha ya kuchekesha, watu wazima wakimweleza mama yangu habari za vikohozi vyao. Huyo dada hakujibu. Na mama alishikilia lile lile: mpaka huyo naye ajibu.

Nilijaribu kuendesha blogu bila mama. Niliandika kuhusu foleni. Hakuna aliyeisalimia foleni. Niliandika kuhusu akina mama wa Nakonde na bidhaa zao, nikaandika kuhusu vumbi, na wasomaji wangu wakavumilia jinsi mtu anavyovumilia mgeni aliyekuja bila mwenzake. Waliuliza mama yuko wapi. Kisha wakapungua kuuliza, na kuna siku nilifungua ukurasa nikakuta kimya. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nilimpigia mama nikamwambia kwa ukali kwamba anawafukuza watu wangu kwa sababu ya mtu mmoja. Akaniacha niseme yote, kisha akauliza, "Amejibu?"

Aliuliza hivyo kila Jumapili baada ya ibada, kwa simu ya jirani. Hapana, mama. Haya.

Jibu lilikuja mvua zikiwa zinaisha, wakati hata mimi nilikuwa nimeacha kuangalia. Nililisoma ofisini, nikatoka nje nikasimama kati ya malori, maana sipendi kuonekana nikilia. Sikumpigia simu mama. Nililinakili nyuma ya karatasi ya ofisi, nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Ileje.

Nilimkuta jikoni anapuliza moto. Nikamwambia amejibu, nikamsomea nikiwa bado nimesimama.

"Mwambie mama nipo. Mama yangu alifariki nikiwa huku, sikuweza kusafiri. Mazishi niliyasikiliza kwenye simu. Baada ya hapo sikuweza tena kusoma habari za mama wa mtu. Nilipoona ananiuliza kama nakula, nilikaa nayo siku nyingi, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza tangu msiba. Mwambie ndiyo, baridi ni kali. Mwambie leo nimepika ugali."

Mama aliacha moto. Akanigeukia mzima mzima, lakini hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akiitazama ile karatasi mkononi mwangu. "Pole, mwanangu," akaiambia. Akasubiri kidogo.

Kisha akauliza, "Ugali na nini?"

Nikasema hakuandika.

"Basi muulize," alisema, akarudi kwenye moto wake. "Halafu endelea na hayo mambo yako ya kuandika."