Mtu wa Midomo Mikavu

Cheka ukitaka, lakini hii sikusimuliwa. Niliiona kwa macho yangu haya, mchana, na sikuwa nimeonja hata bia moja. Mimi si mtu wa kutishwatishwa. Niliacha shule darasa la sita, nikaanza na wilbaro ya kuazima, na leo nyumba nyingi unazoziona Voi zimejengwa kwa blok zangu. Uliza yeyote.

Hizo blok nilikuwa nazipiga video naweka mtandaoni. Blok safi, zimenyooka. Nani alitazama? Hakuna. Halafu kaka yangu mkubwa akafunga mfereji unaopita shambani kwetu Mghange, mboga za mama zikakauka zote. Nikawaka! Nikavaa shati langu jekundu, nikashika simu, nikamwambia mbele ya dunia, "Wewe si mtoto wa baba! Uliokotwa!"

Kufika jioni Voi nzima imeona. Ule mtambo wa mtandao, ule unaochagua nani aone nini, blok zangu uliziacha zilale, lakini matusi yangu uliyakimbiza mpaka Mombasa. Nami mjinga nikaongeza mengine. Kwani wewe ungeacha?

Mama akatuita sote wawili. Kwetu Taita hasira haiachwi moyoni, italeta ugonjwa nyumbani. Mnafanya kutasa: unapiga funda la kinywaji, unalipuliza nje, unasema umeitoa. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Mama ni mtu wa kanisa, akatupatia maji kwa kikombe. Kaka akapuliza. Nami nikapuliza, nikasema, "Hasira yangu imetoka. Kaka awe mzima, shamba liwe zima." Nikazifuta zile video mbele yake. Akacheka, "Haya msanii, leo hutupigi picha?" Tukala pamoja. Niamini, nilikuwa nimesahau kaka yangu anavyocheka.

Nikateremka na pikapu. Kwenye kona ya pili, ndani ya ukungu, mtu akanipungia mkono. Shati jekundu. Nikasimama, nikashusha kioo.

Alikuwa mimi. Tumbo langu, kovu langu la kidevuni, kila kitu. Midomo tu ndiyo haikuwa yangu, ilikuwa mikavu, imepasukapasuka kama udongo wa ukame.

"Wewe umetema," akasema kwa sauti yangu. "Mimi nimeokota."

"Wewe ni nani?"

"Umenifuta kwako. Wengine wamenihifadhi. Kila anayenitazama ananilisha."

Akageuka akapanda mlima, akirudia neno kwa neno, "Wewe si mtoto wa baba! Uliokotwa!"

Ningegeuza gari. Ningemkimbiza. Lakini mimi, mwanaume ninayejisifu hivi, nilikanyaga mafuta mpaka Mwatate. Nilikuwa nimeagiza chai, mama akapiga simu analia.

"Kwa nini umerudi kunitukana langoni?"

"Mama, niko Mwatate!"

"Nimekuona na shati lako jekundu. Kumwambia kaka yako hivyo, mimi unaniita nani?"

Siku hiyo nilikuwa nimevaa la bluu.

Tangu hapo kaka hasemi nami. Na unajua kinachonichemsha damu mpaka leo? Ile video nilifuta, lakini waliojiwekea wanairudisha, na ule mtambo unampelekea yeye wa kwanza. Kwa sababu aliitazama mara nyingi, kwa uchungu, umeamua ndiyo anayoipenda! Mtu analia, wewe unamwongezea? Sisi tuna maji na kikombe. Huo una nini cha kutolea hasira? Hauna mdomo hata wa kupuliza!

Nikienda Mghange sasa, mama hanifungulii. Ananipitishia kikombe juu ya lango, anaangalia midomo yangu. "Puliza kwanza." Mama aliyenizaa! Napuliza, maji yanalowesha vumbi, ndipo anasema, "Karibu, mwanangu." Na hapo hapo, kutoka dirishani kwa kaka, nasikia simu yake inanguruma kwa sauti yangu.

Kwa hivyo wewe uliyeshika simu saa hii na kifua kimejaa, bonyeza basi. Wako naye atapata miguu. Mimi shati lile nililichoma. Ukinikuta njia ya Mghange nimevaa jekundu, usinisalimie.

Nipe maji kwanza.