Kizibo Nilichomtengenezea Shofere Wangu

Baba yangu hakuwa na ugomvi na mchumba wangu. Ugomvi wake ulikuwa na gari ya mchumba wangu.

"Kijana iko muzuri," nilimsikia akimwambia mama, mimi nikiwa nyuma ya ukuta wa matete nasonga bugali na masikio yote mawili. "Lakini iyi gari! Asubuhi inaimba, saa sita imekufa. Siku waasi watashuka mulima, minye nitapakia bantu yangu mu mutumbwi, nitapiga kasia. Yeye, binti yangu atamupakia mu nini? Mu gari ya kusukuma?"

Uhuru wetu ulikuwa bado mtoto anayejifunza kutembea, na tayari watu walikuwa wanampigania. Juu, upande wa Rurambo, siku nyingine tulisikia risasi, siku nyingine kimya. Wachungaji walishuka na ng'ombe wao, kesho yake wakapanda tena. Sisi wa Uvira tuliendelea kuanika ndagala, vidagaa vya ziwa letu, na kuchumbiana, kwa sababu ndagala haingoji amani ndipo ikauke.

Kamioneti yenyewe, gari ndogo ya mizigo, ilikuwa kuukuu, rangi ya majani makavu, ya Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Uhuru ulipofika alivuka mto Ruzizi na masanduku mawili, akamwachia ufunguo shofere wake, akasema atarudi. Hakurudi. Shofere huyo ndiye aliyekuja kuwa wangu. Nami, niseme kweli, niliipenda gari kabla ya kumpenda vizuri mwenyewe. Nilijiona nimekaa mbele, tunapanda Kamanyola, tunafika Bukavu, watu wanaulizana: uyu madamu ametoka wapi? Nimesoma mpaka mwaka wa nne tu kwa masista, lakini ndani ya ile gari ya ndoto nilikuwa nasema Kifaransa chote.

Kwetu posa haipokelewi kama shangazi hajakaa kwenye mkeka, na shangazi yangu anakaa Sange. Baba akatoa sharti.

"Uniletee dada yangu apa," alimwambia mchumba wangu. "Muende na murudi siku moja, na mutu asishuke kusukuma. Ukishindwa, utafute muke mwenye mabega."

Tulikwenda, mama amekaa katikati yetu kama mfuko wa chumvi. Gari ilizimika kabla ya Kiliba, ikawaka baada ya kungoja sana. Wakati wa kurudi ilizimika tena, na shangazi yangu, mwenye kitenge kipya, akashuka kusukuma. Alipofika nyumbani hakusalimia.

"Kaka," alisema, vumbi mpaka kwenye kope, "uyu uliniambia iko shofere. Mbona ng'ombe wa kukokota nilikuwa minye?"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini baadaye sauti yake ilipoa. "Siku ya posho, mara ya mwisho," alimwambia kijana. "Minye sifanye muchezo na maisha ya mutoto."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Tulikuwa na siku sita.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ukigeuza ufunguo mashine inazunguka, ru-ru-ru-ru, kwa nguvu zote, lakini haishiki moto. Ukitia manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungushia kwa mbele, jasho linakutoka na mashine inazunguka tu, kama mtu anayekusikiliza na hakuelewi. Shofere wangu anatoa bujie, zile plagi za kurusha cheche, anazisugua, anazirudisha. Ru-ru-ru, bwaa! Imewaka. Tunasema: kumbe zilikuwa bujie. Kesho bujie ziko safi na gari imekufa. Anafungua karibirateri, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, anaosha, anafunga, inawaka. Tunasema: kumbe ilikuwa karibirateri. Siku moja hatukugusa hata kitu. Pasta mwenye baiskeli alisimama, akaweka mkono juu ya boneti, akaomba maombi marefu sana, na Amina yake ikatoka pamoja na moshi. Wiki nzima shofere wangu alimtafuta yule pasta.

Basi tukaenda Kavimvira, karibu na forodha, kwa fundi mmoja mnene aliyetengeneza baiskeli, cherehani, redio na, ukimsihi, gari. Alikuwa wa ukoo wetu.

"Shemeji, nimekuletea mugonjwa," mchumba wangu alimwambia.

"Shemeji ya nani? Bado hauyaoa. Mulimupa dawa gani?"

Akamtajia: bujie, karibirateri, waya zote, pampu ya esanse, yaani ya petroli, hata pasta.

"Na kila dawa ilimuponyesha?"

"Kila dawa."

"Apana. Ugonjwa mumoja hauponi kwa dawa zote. Kila mara mulikaa muda gani, ndipo ikawaka?"

Tukatazamana. Kusugua bujie, nusu saa. Kuosha karibirateri, nusu saa.

"Na pasta aliomba nusu saa," nikasema.

"Ehe! Muganga wenu ni saa. Iyi gari inangojea kitu. Tuone inangojea nini."

Akaiendesha mwenyewe, kwenda na kurudi kwenye barabara ya mpaka, mpaka ikazimika mbele ya wabadilisha fedha, waliompigia makofi. Hakukasirika. Alitoa bujie moja, akaigusisha kwenye chuma, akaniambia nigeuze ufunguo. Cheche ikaruka. "Moto iko," akasema. Akafungua bomba linaloleta esanse kwenye karibirateri. Likatoa matone mawili, likanyamaza. Akagonga tanki kwa kidole: nusu. "Basi chakula kiko mu sahani, kinywa ni kizima, na chakula hakifike. Iyi ugonjwa ilianza lini?"

"Miezi mbili," shofere wangu akajibu.

Mimi nikahesabu kwa vidole. Masikio yangu yalikuwa yameanza kuwaka.

Fundi akazunguka, akashika kizibo cha tanki, akakisokota. Kikagoma. Akakishika kwa mikono miwili, akavuta na tumbo lake lote. Kilipotoka, tanki ilivuta hewa, fyuuuu, kama mwogeleaji aliyekaa chini ya maji kupita kiasi. Akarudisha bujie na bomba, akanipa ufunguo. Mara ya kwanza tu, bwaa! Ikawaka.

"Nani alifanya iyi kizibo?"

Nilikifanya mimi. Kile cha chuma kilipotea, na shofere wangu akaziba kwa kitambaa. Esanse ikawa inaruka njiani, inadondokea mizigo ya wamama wa ndagala, nao wakalalamika kwamba samaki wao wananuka garaji. Mimi ni binti wa fundi wa mitumbwi. Tangu nikiwa mdogo najua kusokota pamba ya bondeni, kuichovya kwenye mawese na kuigonga katikati ya mbao. "Tundu la sindano," baba husema, "na ziwa lote linajua." Kwa hiyo nilichonga mti, nikauzungushia mpira wa tairi ya baiskeli, juu ya mpira nikakaza pamba. Hata tone halikutoka tena. Mchumba wangu alikibusu kile kizibo mbele ya watu, na mimi sikulala kwa furaha.

Niliziba gari kama mtumbwi.

"Esanse ikitoka, hewa iingie nafasi yake," fundi alinieleza, taratibu, maana aliona machozi. "Apa itapita wapi? Na mpira ukinywa esanse unavimba, unakaza kila siku. Mulikuwa munaminya gari shingo. Mukikaa nusu saa inaiba hewa kidogo kidogo, inaamka. Lakini kazi yako ni safi, dada. Ni safi kupita kiasi."

Njiani kurudi, kizibo kimelegezwa, mchumba wangu aliimba. Kisha akasema, "Baba yako tutamwambia ilikuwa bobini."

"Bobini ni nini?"

"Na yeye hajue. Ndiyo uzuri wake."

Nilitaka sana kukubali. Lakini nilifikiria ile miezi miwili, jinsi baba alivyomcheka, na yeye akiinamisha kichwa na kusugua bujie zisizo na kosa. Nikashuka mpaka ufukweni. Baba alikuwa amefudikiza mtumbwi, anagonga pamba kwenye ubavu wake.

"Baba, gari haikuwa na shida. Shida ilikuwa minye."

Nikamweleza yote. Alinyoosha mkono nimpe kizibo. Akakigeuza, akakinusa, akaingiza ukucha kwenye pamba akitafuta pa kupenya.

"Nani alikufundisha kukaza ivi?"

"Weye."

"Iko kazi nzuri," akasema kwa huzuni. "Hata tone haliwezi."

"Ndiyo ile shida, baba."

Akachukua msumari mrefu, akautia kwenye moto wa kuyeyushia lami, akangoja uwe mwekundu. Mara mbili aliuweka juu ya mti, mara mbili akauondoa. Mkono ulikataa. "Maisha yangu yote ninaziba," alinung'unika. "Leo naambiwa nitoboe." Mara ya tatu moshi ukatoka. Alipuliza kwenye lile tundu, akahisi pumzi yake kwenye kiganja upande wa pili.

"Na kijana alijua kama ni weye?"

"Alijua leo, kwa fundi. Alitaka tukuambie ni bobini."

"Bobini ni nini?"

"Sijue, baba."

Alicheka, lakini si kile kicheko cha siku zote. "Kumbe alikubali niendelee kumucheka kwa kosa yako," akasema, akaokota nyundo yake, akarudi kwenye mtumbwi.

Siku ya posho tulifika Sange bila kusimama. Shangazi alitoka na kitenge cha zamani, amejiandaa.

"Washa," akasema, hajapanda. Ikawaka. "Zima. Washa tena." Majirani wakaja. "Zima. Washa." Baada ya mara ya tatu akapanda mbele, akaniambia mimi nikae nyuma na kuku wake, kwa sababu mbele ni kwa watu walioolewa.

Kwenye daraja wanajeshi walikuwa wameweka mti barabarani. Mmoja, kijana kama sisi, bunduki imemzidi urefu, akapiga kelele: "Zima moteri!" Shofere wangu akazima. Walipekua mifuko, walipekua kuku, waliuliza shangazi anakwenda wapi siku mbaya kama hizi. "Kwenye posa," akajibu. Jua lilikuwa kali, boneti inawaka moto. Nilishika ubao wa gari kwa mikono miwili na sikuweza kuomba hata neno moja.

Wakainua mti. Ufunguo ukageuka. Ru, bwaa!

Shangazi akatoa kichwa dirishani, akamwambia yule mwanajeshi, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto: "Umeona? Uyu ni mukwe wangu."