Mfuko wa Alhamisi

Kiwandani walimwita Pasi, na jina lilimkaa mpaka akawa hageuki akiitwa kwa lile la kuzaliwa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiwanda cha kufulia nguo, mbele ya ile mashine ndefu kama kitanda inayomeza shuka lenye mikunjo na kulitema upande wa pili limenyooka, moto, tayari kukunjwa. Lakini kabla ya mashine kuna meza ya kuchambulia, na hapo ndipo Pasi alipojifunza kusoma mashuka.

Mifuko ya turubai ililetwa asubuhi kutoka hoteli mbili, bweni la chuo, hospitali ya umma na kliniki binafsi ya mtaa wa mabenki. Kila mteja alikuwa na uzi wake ulioshonwa kwenye pembe ya shuka: hoteli nyekundu, hospitali kijani, kliniki buluu. Juu ya kila mfuko palibandikwa karatasi yenye jina la siku. Kazi ya mezani ilikuwa kufungua, kutazama doa na kuamua: hili maji baridi, hili dawa, hili halifai tena. Ukikaa hapo miaka kumi na mmoja, doa linakuwa kama herufi. Pasi aliijua damu ya jana na damu ya juzi. Aliujua usaha hata ukishakauka. Alijua ni chumba kipi cha hoteli watu walilala wamepeana migongo.

"Shuka halijui kumsitiri mtu," aliwaambia waliokuwa wapya kazini, nao wakacheka huku wakivaa glavu mbili mbili.

Mashuka ya hospitali ya umma yalifika kama watu waliotoka vitani. Ya kliniki yalifika na adabu zao: kidoa cha kahawia cha dawa ya kusafishia ngozi, matone mawili matatu ya damu, kama ya mtu aliyekata kucha vibaya. Mfuko wa Jumatatu ulikuwa hivyo, wa Jumanne hivyo, na wa Jumatano hivyo. Ndiyo maana alipoamua kufanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti, hakuulizia vyeti vya daktari wala hakuwatafuta waliomtangulia. Alimchagua daktari kwa mashuka yake. Alijiona mjanja kuliko wote.

Sababu ilikuwa ya zamani. Shuleni walimwita Ubao, kwa kifua chake, na ingawa waliompa jina hilo walishazeeka wakalisahau, yeye hakulisahau. Kwenye harusi ya mdogo wake alijaza leso ndani ya sidiria ili gauni likae. Akacheza, leso moja ikachomoka, na baba mkwe wa bibi harusi akaiokota na kumrudishia kwa heshima zote, akidhani imemdondoka mkononi. Ile heshima ndiyo iliyomuua. Angecheka yule mzee, pengine lingeisha siku ile ile.

Mdogo wake alikuwa msusi, na tangu ndoa ile ivunjike waliishi pamoja kwenye vyumba viwili juu ya duka la vioo. Alipoambiwa habari ya upasuaji alikitoa kitana mdomoni.

"Mimi kutwa nawabandika watu nywele za maiti wa mbali," alisema. "Sina mdomo wa kukusema. Ila dada, za kwangu mteja akizichoka, natia mkasi."

Alifanyiwa upasuaji siku ya Jumatatu, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha. Pasi alinunua blauzi tatu. Mdogo wake alimzunguka pale sebuleni kama anayekagua gari. "Usione vimesimama," akasema, "vimeundwa." Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, titi la kushoto likaanza kuwa gumu. Kwanza kama limau lililoiva, halafu kama bichi. Kisha likaanza kupanda. La kulia nalo likashuka likielekea kwapani, kana kwamba yamegombana na kila moja linatafuta pa kulala peke yake. Akilala chali, la kushoto lilibaki limesimama kama kikombe kilichofunikwa. Kazini akawa anakunja mashuka viwiko vikiwa vimembana mbavuni, kwa sababu kuinua mikono kulimvuta kitu ndani ambacho hakikupaswa kuvutwa.

Alirudi kliniki mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili daktari, mwanaume mrefu mwenye viatu visivyotoa sauti, alimwambia mwili unazoea. Mara ya tatu alilibonyeza titi kwa kidole kimoja tu, haraka, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango asiotaka ufunguliwe.

"Tutafungua, tutatoa hiki, tutaweka kipya, tutasawazisha," alisema. "Kazi ndogo. Hutalipa chochote."

Nesi alimpa karatasi ya kusaini. Iliandikwa kwamba upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri, na kwamba mgonjwa anaomba marekebisho kwa matakwa yake mwenyewe.

"Alhamisi ya wiki ijayo," nesi alisema. "Alhamisi ndiyo siku ya marekebisho. Siku nyingine ni za wapya." Kisha, akiwa tayari ameshatazama pembeni: "Na usije na ndugu wengi, dada. Chumba cha kusubiria ni kidogo."

Pasi alishuka ngazi na karatasi yake. Kitu kilimchoma, kidogo tu, kama pini iliyosahauliwa na fundi ndani ya nguo mpya. Alijipapasa akilini na hakuiona iliko.

Nyumbani aliiweka karatasi chini ya redio. Siku tatu ilikaa pale.

"Kama ni kazi ndogo, mbona kalamu imekuwa nzito?" mdogo wake alimuuliza.

"Nafikiria."

"Kafikirie mbele ya daktari mwingine. Nenda hospitali ya umma, wakutazame tu."

"Pale? Wewe hujui mashuka yao. Mimi ndiye ninayeyafungua."

"Sijui mashuka. Najua unalala umekaa. Mficha maradhi, dada."

Hakuimalizia methali. Wote wawili waliujua mwisho wake.

Ijumaa, dereva wa mifuko hakufika. Alikuwa mtu wa makamo aliyeitwa Breki kwa sababu gari lake halikuwa nazo za kutosha, na kila asubuhi alikuwa na neno kwa Pasi: leo umenuna kama kola isiyo na wanga, leo unang'aa, umepakwa nini. Siku hiyo alikuwa na homa. Alikuja dereva mwingine, asiyemjua yeyote, akapakua kila alichokikuta mlango wa nyuma wa kila mteja, akaenda zake.

Mfuko wa mwisho haukuwa wa turubai. Ulikuwa wa nailoni nzito, mweusi, umefungwa kwa waya badala ya kamba. Pasi aligeuza karatasi iliyobandikwa juu yake asome. Alhamisi.

Hapo ndipo alipoiona ile pini. Miaka yote aliyofanya kazi mezani, aliwahi kufungua mifuko ya kliniki ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano. Ya Alhamisi hakuwahi kuiona hata siku moja. Alidhani Alhamisi wanapumzika.

Alikata waya.

Mashuka yalikuwa saba na yalitoka kwa pamoja, yameshikana. Aliyatenganisha polepole, kama anayefungua kurasa zilizolowa. La kwanza lilikuwa limelowa mpaka upande wa pili. La pili pia. Kwenye la tatu palikuwa na duara la manjano lenye ukingo wa kijani, na harufu tamu ambayo aliijua na ambayo hakuwahi kuikuta kwenye kitu chenye uzi wa buluu. Alitazama pembe ya shuka, akiomba iwe kosa, iwe mzigo wa mteja mwingine. Uzi ulikuwa buluu. Shuka la mwisho halikuwa la chumba cha upasuaji. Lilikuwa jembamba, la kitanda cha kuamkia baada ya dawa ya usingizi. Lilikuwa safi kuliko yote. Ila kwenye pindo, karibu na uzi, palikuwa pamekunjwa na kuvutwa mpaka nyuzi zimeachana, na juu yake alama za vidole vitano. Mtu alikuwa amelishika, na hakuliachia upesi.

Mashine nyuma yake iliendelea kumeza na kutema. Pasi alisimama pale, na mkono wake mwenyewe, bila kutumwa, ukawa umeshika upande wa kushoto wa kifua. Kupitia glavu alihisi joto.

Saa sita Breki aliingia, koti juu ya fulana ya kulalia, midomo imekauka. "Kuna mfuko mweusi umeletwa hapa?"

"Upo."

"Kliniki wamenipigia simu mara nne. Umeufungua?"

"Kazi yangu ni kufungua, kaka."

Breki aliona mashuka mezani, akageuza macho. "Huo si wa kwenu, Pasi. Huo huwa naupeleka kwenye tanuri, kule wanakochoma taka za hospitali. Kila Ijumaa."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuwabebea. Mimi dereva tu. Mzigo haunisemeshi, nami siusemeshi." Alianza kuyarudisha mashuka mfukoni kwa ncha za vidole, kisha akasimama. "Lakini wewe kwani una nini nayo? Wewe si ulikuwa wa Jumatatu?"

"Nilikuwa wa Jumatatu," Pasi alisema. "Sasa wamenipa Alhamisi."

Breki aliyasukuma mashuka yaliyobaki mfukoni. Alifunga waya, akaubeba mfuko begani, akaenda.

Jumamosi simu ililia. Ilikuwa sauti ya nesi, laini kama sabuni: kumkumbusha Alhamisi, asile kitu tangu jioni ya Jumatano, karatasi asiisahau. Pasi alisema amesikia. Jumatatu ililia tena. Jumanne ililia mara mbili, naye akaiacha ilie juu ya meza ikitambaa kwa mtetemo mpaka ukingoni. Angewaambia nini, kwamba ameyasoma mashuka yao?

Alijaribu kujidanganya kwamba anaweza kukaa hivyo hivyo. Watu wanakaa na magoti mabovu, na meno mabovu, na waume wabovu. Lakini Jumanne ile ngozi ya titi la kushoto ilikuwa nyekundu na inang'aa, na jioni alitetemeka chini ya blanketi mbili. Mdogo wake aliweka mkono, akauondoa kama aliyegusa sufuria.

"Kesho asubuhi," alisema. "Na sikuulizi."

Hospitali ya umma walikaa kwenye benchi tangu saa moja mpaka saa saba. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye doa la wino kwenye mfuko wa koti na macho ya mtu asiyekumbuka alilala lini. Alitumia mikono yote miwili. Alimwinua Pasi mkono mmoja, kisha mwingine, akamlaza, akamkalisha, akabonyeza pale panapouma na kusubiri. Hakusema ni kawaida.

"Nyama imejikaza kuzunguka vifuko vya silikoni," alisema. "Na huku kushoto pameingia uchafu. Vyote viwili vinatoka, na si wiki ijayo. Kesho."

"Halafu utaweka vingine?"

"Sitaweka kitu. Labda mwaka ujao utazungumza na mtu mwingine, labda isiwezekane kabisa. Ngozi imevutika, kovu litabaki. Kifua kizuri siwezi kukuahidi, dada yangu. Na kesho yenyewe ina hatari zake, nitakusomea moja moja kabla hujasaini."

Mdogo wake alimshika bega. Pasi alikuwa anatazama shuka la kitanda alichokalia.

"Daktari, naomba kuuliza. Mgonjwa akiharibikiwa hapa. Akitoka damu nyingi, au akioza. Mashuka yake mnayapeleka wapi?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yanatiririkia wapi. "Yanakwenda kufuliwa. Kwani yaende wapi?"

Pasi akaomba kalamu.

Alhamisi asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu kupitia ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya maziwa mpaka usawa wa mabega. Mdogo wake alitembea ubavuni, begi la dada yake kifuani. Ndani ya begi simu ilianza kulia. Ililia ikakatika, ikalia tena.

"Ni wao," mdogo wake alisema. "Niwajibu?"

"Waache."

Kwenye mlango wenye vioo viwili vya duara walimwambia ndugu aishie hapo. Kitanda kikasimama, watu wakiulizana jambo juu ya kichwa chake. Pasi aliteremsha mkono pembeni akatafuta kwa vidole mpaka akaipata pembe ya shuka na uzi wake. Hakuhitaji kutazama kujua ni kijani. Alitazama hata hivyo. Karibu na uzi palikuwa na doa hafifu, kahawia iliyofifia, lenye umbo la sikio. Alilifahamu. Mwezi uliopita alilitia maji baridi, akalitia dawa, akalirudia mara ya pili, likakataa kutoka, akalipiga pasi hivyo hivyo na kulikunja. La nani, hakujua. Wala kama aliyelalia hapo aliinuka.

Milango ikafunguka. Pasi alikaza vidole kwenye pindo, na kitanda kikaanza kwenda.