Madoa Kwenye Maharage ya Mama

Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa kidumu kidogo cha maji pale baba alipofariki, huko kwetu Mururu. Mvua za kupandia zikaanza kabla hatujamaliza matanga. Kwa desturi ya kwetu mjane hagusi mbegu mpaka kilio kimalizwe, la sivyo kifo kinamfuata shambani.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutukumbusha. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Usiguse mbegu mbele tumalize kilio. Utaleta kifo mu shamba."

"Na huyu mutoto atakula nini, Mama?" mama alimuuliza mkwewe.

Bibi aligeuka akaenda zake. Kesho yake mama alitoa maharage ambayo baba alikuwa ameyahifadhi kwenye chungu kwa ajili ya mbegu, tukapanda wawili, mimi nikifukia kwa mguu.

Yaliota vizuri, yakapanda vijiti vyake. Yalipoanza kutoa maua, majani yakatoka madoa ya kahawia yenye pembe, kama yamechomwa kwa ncha ya kijinga cha moto. Yakageuka manjano, yakapukutika. Mashamba ya majirani yalikuwa kijani tupu, na hilo ndilo lililotumaliza.

Hakuna aliyetutukana. Watu waliacha tu kuja. Zamu ya kulimiana ikawa inaturuka. Kisimani wenzangu walinipisha niteke, kisha wakaondoka kundi zima wakaniacha na kidumu changu. Niliumia mno, jamani. Mama yeye alipalilia huku akiimba, nami nikajiambia kwamba hana habari na mambo hayo, ana roho ngumu. Nilijiegemeza kwenye ugumu wake huo miaka yote.

Siku hizi nauza mbegu mjini Kamembe. Hivi karibuni bwana shamba alikuja kutufundisha sisi wauzaji, akatuonyesha picha kwenye simu yake: madoa yale yale. Ni kuvu, alisema. Hujificha ndani ya mbegu yenyewe, na matone ya mvua huisambaza jani hadi jani. Basi mbegu ya baba ilikuwa nayo tangu akiwa mzima!

Jumapili nilikwenda Mururu kumweleza mama. Nilitarajia acheke. Nilipomaliza kueleza, aliacha kuchambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, akanitazama.

"Haikukuwa miye?"

"Haikukuwa weye, Maman."

"Sikuua shamba ya papa yako?"

"Hapana."

Akalia, huyo mama ambaye sikumwona akilia hata siku ya mazishi. Bibi alikwisha kufa, na wengi waliotukwepa wamehama. Hapakuwa na mtu wa kumpelekea habari hiyo.

Nilikaa karibu naye. Siku zote nilidhani tulitengwa wawili, mimi na yeye. Kumbe mama alikuwa amewaamini hao waliotutenga, akajihukumu kimya kimya, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikujua.