Picha Safi ya Kifua

Mama alipoambiwa picha ya kifua cha mdogo wangu ni safi, alipiga ishara ya msalaba pale pale kwenye korido ya hospitali, akaanza kukunja kanga za mtoto. Alitaka turudi nyumbani Katandala. Mzazi aliyejifungua wiki mbili tu zilizopita, alisema, hakai kwenye baridi ya korido akisubiri wataalamu waliokwisha kusema hana kitu.

Mtaalamu mwenyewe ni mimi. Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi, na ile eksirei niliipiga kwa mkono wangu. Mapafu yalikuwa meusi vizuri kama inavyotakiwa, bila doa la nimonia wala maji. Lakini mdogo wangu alikuwa anahema akiwa ameketi tu, midomo imebadilika rangi, na mguu wa kushoto umevimba peke yake. Kifua safi kwa mtu anayekosa pumzi namna ile hakinipi raha hata kidogo. Niliogopa donge la damu limepanda kutoka mguuni likaziba mishipa ya mapafu, na donge kama hilo eksirei mara nyingi haina macho ya kuliona.

"Mama, tumpeleke CT."

"Mwanangu, unamtafutia mwenzio ugonjwa?"

"Namtafutia pumzi," nikasema, kwa ukali ambao kwa kawaida nawawekea wanaovunja foleni. Daktari akakubali kabla mama hajanijibu.

CT, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, ina masharti. Tunaingiza dawa mshipani ili damu ing'ae nyeupe kwenye skrini, na mgonjwa abane pumzi bila kutikisika. Yaani mtu anayeigombania kila pumzi, nimwombe asipumue. Mara ya kwanza alikohoa. Picha ikawa ukungu mtupu, mimi na daktari tukakodolea macho vivuli ambavyo vingeweza kuwa chochote. Nilitamani kuipiga teke ile mashine.

Dawa ilibaki ya mara moja. Nikapiga magoti pembeni ya meza, nikamwambia kwa Kifipa, lugha yetu ya nyumbani, kwamba akisikia sauti yangu abane kidogo tu, kama tulivyokuwa tunabana utotoni moshi wa kuni mbichi ukijaa jikoni. Akaitikia kwa kichwa.

"Dada, usichelewe," akasema.

Nikarudi nyuma ya kioo, nikamwambia abane. Alibana. Sijui nguvu aliitoa wapi. Mishipa ikajitokeza myeupe, na pale mshipa mkuu unapogawanyika kwenda mapafu yote mawili, kitu cheusi kimelala, kimekatiza njia zote. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na niliichukia. Daktari akakimbilia sindano ya kuyeyusha donge. Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti nikamwambia, "Pumua."

Alipumua. Alichomwa sindano akiwa bado pale mezani, tukamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu, na kabla hatujafika wodini macho yakamgeuka. Daktari akaanza kumkandamiza kifua. Mama alisimama ukutani na mtoto mikononi, akimwita mwanawe. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha kitanda nasema, "Pumua, pumua," kwa sauti ile ile ya kazini, nikiamini kabisa atanitii. Niliendelea hivyo hata baada ya daktari kuacha, mpaka akaja kunishika bega.

"Dada, inatosha."